Memori za Abigael

Mimi kubeba maboksi ghalani nilibeba miaka minne, hapa hapa Toronto, kabla mtu hajaniuliza nimesomea nini. Leo natunza kompyuta za ofisi nzima kule Don Mills, na hakuna mtu wa nyumbani aliyenishika mkono. Sasa hebu fikiria Abigael, wa juzi tu, miezi saba hajamaliza, ananifuata baada ya ibada tukipanga sufuria za pilau, ananieleza jinsi Mungu anavyomfungulia milango.

Kampuni fulani ilikuwa imemwalika kufanya mtihani wa kazi akiwa kwake, kwa kompyuta, Jumanne saa nne asubuhi. Sharti lao kompyuta iwe na memori ya gigabaiti kumi na sita, na yake ilikuwa na nane. Akiipata kazi hiyo angeanza makaratasi ya kumleta bintiye wa miaka sita, aliyemwacha nyumbani Nyamira kwa nyanyake. Nilimsikiliza huku moyo unachemka. Sifichi, ulikuwa wivu.

Akanionyesha kwenye simu picha ya memori mbili, vile vibao vyembamba vya kuchomeka ndani, alizozipata mtandaoni kwa mtu wa Unionville, bei ya kutupa. Akaniuliza kama zitakubali kwenye kompyuta yake ya mezani. Niliikuza picha nikasoma kibandiko, na baada ya namba nikaona herufi R. Hizo ni za seva, yale makompyuta makubwa ya maofisini. Kompyuta ya nyumbani inataka U. Ukiipa R zinaingia vizuri, hata unasikia zikibana, halafu haiwaki. Kitu kidogo hivyo, lakini kukijua ndiyo kazi yangu.

"Nunua," nikamwambia.

Jumanne alianza kunipigia saa mbili na nusu. Niliiacha simu ilie. Alipiga mara kumi na moja nikiwa nimekaa ofisini nakunywa chai, na kwenye droo yangu kulikuwa na memori za akiba zinazomfaa kabisa. Kwake ni dakika kumi na tano kwa gari. Baadaye alinieleza kwamba alirudisha zile za zamani, kompyuta ikawaka, lakini mtihani ukakataa kufunguka kwa kuwa memori haikutosha. Saa nne ikapita. Kampuni haikumpa nafasi nyingine.

Alhamisi jioni akaja kwangu, macho yamevimba. Nilijua amekuja kunitukana, na majibu nilikuwa nayo. Kumbe alizitoa zile memori mkobani, akaziweka mezani, akaniomba nimwonyeshe alipokosea. Nikamwonyesha ile R. Akaitazama weee.

"Uliniambia niiangalie, sivyo, dada Wamaitha?" akauliza. "Siku ile palikuwa na kelele, na mimi nina haraka zangu. Lazima uliniambia."

Ningeweza kusema ukweli pale pale. Nilimwona anavyoningoja, anataka niwe mtu mwema, kwa sababu hapa hana mwingine.

"Nilikuambia," nikasema.

Akalia sana. Alisema bintiye ameshawaaga wenzake wa shule, kwamba mama anakuja kumchukua. Akajiita mjinga, akaniomba radhi kwa simu zote zile alizonisumbua nazo kazini.

Nikamwambia nimemsamehe.