Mshale Unaotazama Korogwe

Kitendawili. Umeitikia tega? Haya. Nimetoka Handeni, nimepita Korogwe, nimefika Mombo, na mkekani sijainuka. Hujui? Usinipe mji bado, kaa nacho. Mzee Mwinjuma wa Sindeni alikaa nacho siku kumi na mbili, jibu hatoi na mji hatoi.

Aliyemtegea ni shemeji yake, Bibi Mashavu, mjane wa kaka yake. Bibi huyu shule aliishia darasa la nne, lakini kwa vitendawili alikuwa hana mpinzani. Kila aliyeshindwa alimpa mji, naye husema, "Nimekwenda Muheza, nimekula, nimekunywa, jibu ni hili." Amepewa miji tangu usichana wake, na mingi hakujua hata iko upande gani wa dunia.

Mpaka alipokuja kupanga kwake Mwalimu Grasiana, mzaliwa wa Mazinde, ambaye babu yake aliletwa na kazi ya kukata mkonge. Alasiri moja wanapukuchua mahindi, mwalimu akashindwa kitendawili.

"Nakupa kwetu, Mazinde."

"Nimekwenda Mazinde..." Bibi akakoma. "Hivi, mwanangu, huko kwenu ndiko wapi hasa?"

Mwalimu akaingia ndani, akatoka na ramani ya mkoa, akaitandaza mkekani. Bibi alipoonyeshwa Handeni na Korogwe akacheka mpaka akashika mbavu.

"Hii kaichora mlevi. Korogwe iko juu ya Handeni? Sisi tunapanda Handeni, tunashuka Korogwe, tangu enzi za babu zetu."

"Miguu yako ndiyo inayopanda na kushuka, bibi. Karatasi haina mlima. Tazama mshale huu, wenye herufi K. Hiyo ni kaskazini. Simama, mkono wa kulia uelekeze linakotoka jua. Sasa unatazama wapi?"

Bibi akasimama na punje zake mkononi. Mbele yake, mbali, milima ya Usambara ilikaa kama moshi.

"Natazama Korogwe."

"Na mshale nao unatazama hukohuko."

Basi tangu siku hiyo mahindi hayakupukuchuliwa kwa haraka. Bibi akajifunza kwamba mstari wa buluu ni mto, mwekundu ni barabara, na kwamba upana wa kidole chake ni mwendo wa siku nzima kwa miguu. Kila mji aliowahi kupewa akauwekea punje. Lushoto hii hapa. Muheza kumbe iko kule. Alipoinua macho, ramani imejaa punje, akajiona tajiri. Ndipo akatunga kile kitendawili, akamtegea Mwinjuma, na Mwinjuma akasema ana kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kweli. Alikuwa mwenyekiti wa kamati ya ardhi, na kijiji kilikuwa kinapangiwa matumizi ya ardhi yake: mashamba wapi, malisho wapi. Rasimu ya ramani ikabandikwa ukutani ofisini, wanakijiji waitazame kabla mkutano haujaipitisha.

Wengi waliitazama wakaenda zao. Bibi Mashavu alisimama mbele yake hadi shingo ikamuuma. Akautafuta mshale, akakitafuta kijito, kisha akakitafuta kisima wanachoteka maji wanawake wote wa Sindeni. Kisima kiko ng'ambo ya kijito, upande wa kupandia Handeni. Kwenye karatasi kilikuwa upande wa Korogwe. Na pale kilipo kisima chenyewe, chini ya miti yake, palipakwa rangi ya kahawia. Akasoma maelezo pembeni, herufi kwa herufi. Malisho ya ng'ombe.

Asubuhi ya mkutano akanyoosha mkono.

"Nani alikiweka kisima hapo?"

"Mimi," akasema Mwinjuma. "Kiko juu ya kijito, nimekiweka juu ya kijito. Shemeji, hapa si mkekani pa vitendawili."

Watu wakacheka. Bi Getruda, afisa ardhi, hakucheka. Hakuwa mwenyeji, na kisima kilichofunikwa na miti hakikuonekana kwenye picha za angani. Alikuwa ameitegemea kamati.

"Mwenyekiti," akasema, "una hakika? Ikipita leo, ng'ombe wataingia hapo kihalali."

"Nina hakika."

"Basi tutoke nje na karatasi hiyo," akasema Bibi. "Jua bado liko chini, litatusaidia."

Wakatoka wote. Bibi akamsimamisha shemeji yake uwanjani, mkono wa kulia kwenye jua, akampa ramani mshale ukiwa mbele.

"Milima ile unaiona?"

"Naiona. Mimi si kipofu."

"Korogwe iko mbele yako au mgongoni?"

"Mbele."

"Na kisima?"

Mwinjuma akageuza shingo nyuma, kwenye miti ile anayoijua tangu anatambaa. Akatazama karatasi. Akatazama tena miti. Taratibu kidole chake kikaondoka juu ya kijito, kikavuka mstari wa buluu, kikatua chini yake, kwenye kahawia.

"Kiko hapa," akasema. "Bi Getruda, futa. Nilikosea mimi."

Bi Getruda akaitandaza ramani kwenye benchi, akafuta, kisha akamkabidhi Bibi Mashavu kalamu. Bibi akachora duara dogo, akaandika pembeni KISIMA, kwa mwandiko wake wa darasa la nne, ulionyooka. Malisho yakasogezwa, mkutano ukapitisha, na wanawake wakampisha Bibi atangulie kuondoka kama bibi harusi.

Mwinjuma alibaki kwenye benchi, ameivua kofia yake, kidole bado kinatembea, sasa nje ya karatasi, kwenye ubao mtupu. Kikaanzia Handeni, kikapita Korogwe, kikafika Mombo.

"Mashavu," akaita. "Mji sikupi. Ni ramani."