Kifua cha Kuazima

Mzee Mwigulu aliweka fomu mbili mezani kwangu, mapokezi ya kliniki, kama mtu anayelipia soda. Moja ilikuwa ya kampuni ya bima, nyingine ya ubalozi. Alitaka viza ya wastaafu ili akaishi Thailand karibu na bahari mpaka Mungu amwite.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Lusia. Hebu soma. Wanataka bima ya afya ya mwaka mzima, na daktari athibitishe sina kifua kikuu, sina ukoma, sina matende. Wananiona ng'ombe wa mnadani?"

Alicheka peke yake. Nyuma yake alisimama Maduhu, mchimbaji wake wa dhahabu kutoka Nyarugusu, mwanaume wa miaka thelathini na minne, mabega mapana, shati jipya bado lina mikunjo ya dukani.

"Picha ya kifua atapiga huyu," mzee alisema kwa sauti ya chini. "Mimi nimekula vumbi la karasha la kusaga mawe miaka ishirini. Bima wakiona mapafu yangu watanikataa."

"Na jina, mzee?"

"Langu. Kwani kwenye shimo la duara nashuka mimi? Anashuka Maduhu, na dhahabu inayotoka ni yangu. Kifua nacho ni hivyo hivyo."

Nilimtazama Dokta Edson, mwenye kliniki. Akaitikia kwa kichwa. Nikaandika: Mwigulu, miaka sitini na miwili. Sikusita hata kidogo, na hilo linanichukiza mpaka leo. Asubuhi ile nilikuwa nimetoka misa.

Majibu yalipotoka, Edson alimwita mzee ofisini. Mlango ulibaki wazi, nikasikia yote. Pafu la kulia la Maduhu lilikuwa na kidonda cha kifua kikuu.

"Nimekuletea dume, unanitolea mgonjwa!" Mzee alifoka, akachomoa leso na kufunika pua. "Na nimepanda naye gari moja, vioo vimefungwa! Futa hiyo. Kesho naleta mwingine."

"Itafutwa, mzee."

"Na Maduhu?" niliuliza.

"Maduhu hajaandikishwa hapa," Edson alinijibu. "Tukimpeleka hospitali ya serikali watauliza imekuwaje picha ina jina la mzee. Kaa kimya, Lusia."

Dirishani nilimwona mzee akipulizia manukato kiti cha gari alichokalia Maduhu. Kisha akamwambia kwa mbali, "Utarudi kwa bodaboda. Zamu yako ya kushuka ipo palepale." Gari likaondoka. Nikatoka nje.

Maduhu alikuwa kwenye benchi.

"Majibu yametoka," nilimwambia. "Ni kifua kikuu."

Akashika kichwa. "Mayu, mama wee! Masikini mzee. Na safari yake ile!"

"Siyo mzee. Ni wewe."

"Hapana, dada." Alinieleza taratibu, kama mimi ndiye nisiyeelewa. "Picha ni ya mzee. Mimi nilisimama tu pale. Si umeandika jina lake mwenyewe?"

"Unakohoa?" nilimuuliza.

"Vumbi tu."

"Tangu lini?"

"Tangu tuvune mpunga."

"Ukilala unatoka jasho?"

Akajifuta shingo kwa kiganja.

"Unalala na nani, Maduhu?"

"Na Mbuke, mke wangu. Na mtoto, bado ananyonya." Ndipo akanitazama vizuri, na mikono yake ikaanza kupapasa vifungo vya lile shati.

Nilirudi ndani, nikaichomoa picha chini ya mafaili ya Edson.

"Ukitoka na hiyo, usirudi hapa," alisema.

Nikatoka nayo, nikamchukua Maduhu. Njiani kwenda hospitali nilijaribu kusali, maneno yakanishinda, nikabaki kutembea tu.

Nesi wa kitengo cha kifua kikuu aliinua picha dirishani, akasoma jina.

"Mwigulu ndiye nani?"

"Ni mimi, nesi," Maduhu akasema haraka.

"Miaka sitini na miwili, wewe?"

Hata pale alikuwa anamlinda mzee! Nilitaka kumzaba kibao, kisha nikakumbuka ni nani aliyemfundisha uongo huo kwa kalamu.

"Anaitwa Maduhu," nilisema. "Hilo jina niliandika mimi, nikijua ni uongo, kwenye kliniki ya Dokta Edson. Mimi naitwa Lusia. Mke wake na mtoto wako Nyarugusu, nao wapimwe."

Nesi alinitazama bila kuficha anavyonichukia. Kisha akafungua daftari, akamgeukia Maduhu.

"Jina la baba yako?"