Miwani Juu ya Friji

Habari hii nilipewa na mwenyewe, mwaka jana, majira ya baridi, nilipokuwa namuuguza dada yangu wodini. Yeye alikuwa kando ya kitanda cha pili, anamuuguza mama yake. Wagonjwa wetu wakisinzia tulikuwa tunaongea, na alikuwa akiongea polepole, kama mtu anayekunja nguo. Naiandika kama nilivyoisikia.

Mwanamke huyu alikuwa mpiga pasi kwenye chumba cha kufulia cha hoteli moja kubwa. Mumewe alikuwa fundi wa mikate, anakanda na kuoka usiku kucha kiwandani. Kwa hiyo mmoja akirudi, mwingine anatoka. Walikutana alfajiri, wakanywa chai pamoja, na wakakutana tena jioni kidogo kabla mume hajaondoka. Waliishi hivyo miaka mingi bila mtoto, mpaka watu wakachoka kuwauliza. Halafu, umri ukiwa umesogea kabisa, mimba ikaingia. Mume alicheka peke yake njia nzima ya kiwandani, mlinzi wa getini akamuuliza kama amekunywa.

Kliniki walimwambia mke kwamba kwa umri wake ni vizuri apimwe mapema. Akapigwa picha ya ultrasaundi, wakapima unene wa nyama nyuma ya shingo ya mtoto, wakachukua na damu. Majibu yakaja kwamba uwezekano uko juu kidogo.

"Uwezekano wa nini?" mume akauliza.

Muuguzi mshauri, mama mmoja mwenye sauti ya chini, akawaeleza wote wawili: uwezekano wa mtoto kuzaliwa na hali ya Down, mtoto anayechelewa kukua na kujifunza. Kipimo hiki, alisema, hakisemi ndiyo wala hapana. Kinachuja tu, kinaonyesha nani aangaliwe zaidi. Wengi wanaotolewa pembeni hivi, watoto wao hawana neno. Akitaka uhakika, kuna kipimo kingine: sindano nyembamba inapita tumboni, wanavuta maji kidogo katika yale anayoogelea mtoto, wanayapima. Hiyo ndiyo inasema kweli. Hatari ya mimba kutoka kwa sababu ya sindano ipo, ni ndogo, lakini ipo. Na kama hawataki, hakuna wa kuwalazimisha.

Walirudi nyumbani. Walipofika jikoni ndipo maneno yakatoka.

"Sindano tumboni, bibie? Mtoto tumemngoja miaka yote hii, tukamchome?"

"Hawamchomi yeye. Mzee, mimi nataka kujua."

"Ujue ili iweje? Utamrudisha dukani?"

"Simrudishi popote. Ni wangu. Nataka kujua tu."

Mume akavuta kigoda, akakaa. Akamwambia jambo ambalo hakuwahi kumwambia. Mama yake mzazi alipoambiwa ana uvimbe, alirudi nyumbani, akakunja nguo zake nzuri zote, akazitia kwenye sanduku. Akaishi miaka mitatu baada ya hapo, na hakuivaa hata moja. Alivaa mbili kuukuu, hii leo, ile kesho.

"Uvimbe haukumuua miaka ile mitatu," akasema. "Kule kuambiwa ndiko kulikomuua. Mimi sitaki kuambiwa. Mtoto akija, nitampokea alivyo. Niache hii miezi niwe na furaha yangu."

Mke naye akatoa lake. Alipokuwa msichana mdogo, mama yake mdogo alijifungua chumba cha pili, na yeye alikuwa amesimama mlangoni na beseni la maji. Mtoto alipotoka, mkunga alinyamaza. Mama mdogo akainua kichwa, akaona uso wa mkunga kabla hajauona uso wa mwanawe. Mtoto alikuwa wa ile hali ya Down. Alikua, akapendwa, akacheza ngoma kuliko wote nyumbani, lakini mama mdogo hakuusahau ule uso.

"Sitaki mwanangu aingie duniani akutane na mtu aliyeshtuka," akasema. "Kama kuna kushtuka, nishtuke mapema, nimalize."

Basi, wakabishana mpaka chai ikapoa. Mwisho wakapatana namna yao, ambayo sidhani kama kuna wengine wangepatana hivyo. Mke atachomwa sindano. Majibu atayapokea yeye peke yake. Hatamwambia mume, si kwa maneno, si kwa ishara. Wakapeana mikono pale jikoni kama watu wanaouziana ng'ombe, wakacheka.

Siku ya majibu mume alimsindikiza, akabaki nje kwenye benchi.

"Umekuja peke yako?" muuguzi mshauri akauliza.

"Yuko nje. Hataki kujua."

"Haya. Basi kaa, mama. Tutakwenda taratibu."

Akamwambia. Mtoto ana ile hali ya Down. Moyo wameuangalia kwenye picha, unaonekana mzuri, wataendelea kuuangalia. Akamtajia wazazi wengine anaoweza kuzungumza nao, akamwambia ana muda wa kufikiri, na lolote atakaloamua, pale atakuta mlango wazi. Mwanamke akasema alikwisha kuamua kabla hata ya sindano. Muuguzi akamsogezea maji. Akanywa yote, akaishika glasi tupu.

"Jinsia nayo ipo hapa. Unataka nikwambie?"

"Hiyo usiniambie kabisa," akasema haraka. "Hiyo tutaijua pamoja."

Alipotoka, mume alisimama, akatazama viatu vyake.

"Kamba yako imelegea," akasema. Akapiga goti palepale kwenye korido, akaifunga, akaifunga mara ya pili, akainuka na kuanza kutembea mbele.

Kuanzia siku hiyo hakumtazama mkewe usoni.

Mwanzoni mwanamke hakuelewa. Mume alikuwa mwema kuliko zamani. Alfajiri aliingia na mkate wa moto, unga umemkaa kwenye nyusi, akachemsha chai, akaosha vyombo, akamkanda miguu. Lakini aliongea na bega lake, aliongea na birika. Na kitu kingine kikaanza: akifika mlangoni tu, anavua miwani, anaiweka juu ya friji. Bila miwani mtu yule haoni mbali zaidi ya urefu wa mkono.

"Miwani imekuwaje?"

"Unga, bibie. Imejaa unga."

"Si uifute?"

"Nitaifuta baadaye."

Akapiga kigoda teke, akakiomba kigoda radhi. Mwanamke akacheka, halafu akaitazama miwani juu ya friji. Ndipo alipoelewa. Mumewe aliogopa kuusoma uso wake. Alikuwa amemgeuza mkewe ukungu ili ahadi isivunjike.

Usiku alilala peke yake kama siku zote, lakini zamani kitanda kilikuwa cha mtu aliyeko kazini. Sasa kilikuwa cha mtu asiyekuwepo hata akiwepo. Alijifunza kulia akiwa anaosha uso, ili maji yawe maji tu. Akajikuta anaongea moyoni siku nzima, anajiuliza, anajijibu, kama wazee wanaokaa peke yao.

Kazini ndiko kulikuwa kugumu zaidi. Mashuka ya hoteli hukunjwa na watu wawili. Mnasimama uso kwa uso, kila mmoja na pembe zake mbili, mnavuta, mnatikisa, mnasogeleana mpaka vidole vinagusana, mmoja anapokea pembe, mwingine anainama kuchukua mkunjo. Kutwa nzima unakwenda na kurudi kuelekea uso wa mtu. Na mwenzake alikuwa mwanamke waliyemwita Redio, kwa sababu hazimwi.

"Wewe leo uso wako kama shuka la chumba cha wavuta sigara," Redio akamwambia.

"Nimechoka tu. Mimba."

"Mimba nimebeba nne, najua uchovu wa mimba. Huo si wenyewe. Vuta pembe." Wakatikisa. "Ni mwanamke?"

"Mwanamke gani?"

"Huyo wa mumeo! Mtu anakesha nje, anarudi kajipaka unga, wewe unaamini ni mikate? Niambie anapokaa. Tutamkunja mara nne tumpige pasi."

Yeye akacheka mpaka akashika tumbo, na Redio akacheka pia, akaridhika kwamba amepatia. Walipokutana katikati, vidole vyao vikigusana, neno lilimfika mwanamke kwenye meno. Lilikuwa jepesi kulitoa. Mvuke ulikuwa umejaa chumba, hakuna aliyewasikia. Lakini akafikiri: nikimwambia huyu, mtoto atajulikana na chumba kizima cha kufulia kabla ya baba yake. Akampa Redio pembe, akarudi nyuma.

"Si mwanamke," akasema.

"Kama si mwanamke, basi ni deni."

"Si deni. Kunja."

Redio akanyamaza karibu mashuka matatu mazima, jambo ambalo hawakuwahi kulisikia kwenye chumba kile.

Tumbo likakua. Mtoto akaanza kucheza, na mume, kwa vile kugusa hakukukatazwa kwenye mapatano yao, alikuwa akiweka kiganja pale na kutabasamu kuelekea dirishani. "Huyu ana nguvu! Huyu atakanda unga mifuko miwili!" Mkewe akamtazama kutoka pembeni, lile tabasamu zima, na hofu ikamwingia upya. Hofu ya mtoto haikuwepo tena. Huko alikwisha kushtuka, akalia, akamaliza, akaanza hata kumpa majina ya utani. Alimwogopa huyu anayetabasamu. Siku ya kuzaliwa atakuwepo, ameshasema atakuwepo. Atavaa miwani yake ili amwone mwanawe vizuri. Na atashtuka. Uso wa kwanza utakuwa ule ule wa mkunga, safari hii ukiwa uso wa baba. Na yeye, mke, ameahidi kunyamaza.

Ilikuwa asubuhi ya siku ya mapumziko ya mke. Mume aliingia, akavua miwani, akaiweka juu ya friji, akabeba sinia la chai kuelekea chumbani. Kati ya jikoni na chumbani pana ngazi moja tu. Aliishi na ngazi ile miaka mingi, lakini asubuhi hiyo hakuiona. Sinia likaruka, yeye akagonga mdomo kwenye fremu ya mlango.

Mkewe akaja na kitambaa na maji ya baridi. Mdomo ulikuwa umepasuka kidogo, damu imechanganyika na unga. Akamkalisha chini palepale katikati ya vikombe, akamshika kidevu, akamsogelea ili afute. Kwa karibu vile hata mtu asiyeona mbali angeona. Mume akafumba macho.

Akafumba kabisa, kama mtoto anayepakwa sabuni.

"Mzee. Fumbua."

"Endelea kufuta tu."

"Umefumba macho mbele ya mke wako."

"Tulipatana, bibie."

"Tulipatana nisiseme. Hatukupatana unizike." Akaendelea kufuta. "Miezi hii yote naishi humu na mtu asiyeniona. Nimesema sawa, ni mapatano, nitabeba. Lakini nikuulize moja. Siku mtoto anatoka, utafumba pia?"

"Siku hiyo nitafumbua. Nitamtazama kuliko wote."

"Na ukishtuka je? Nilikwambia habari za mama mdogo. Nilikwambia sitaki akutane na uso ule. Nimejiandaa peke yangu, nimemaliza, na wewe utakuja pale na tabasamu lako, litakudondoka mbele ya mtoto..."

Akaacha kufuta. Bomba la jikoni lilikuwa linadondosha matone.

"Umeshaniambia," mume akasema polepole, macho bado yamefumbwa.

"Sijasema."

"Umesema, bibie."

Mwanamke akaangalia kitambaa mkononi. Ni kweli, alikuwa amesema. Hakujua kama alipitiwa au kama alitaka kupitiwa, na aliniambia mpaka leo hajui.

"Niletee miwani," mume akasema.

Akainuka kwa shida, na tumbo lile, akaifuata. Mume akaifuta kwa shati, akaivaa, akafumbua macho, akamtazama. Ndipo mshtuko ukaja. Ulianzia kwenye paji, ukashuka, ukavuta mashavu, mdomo ukafunguka na kidonda kikatoa damu upya. Mwanamke aliutazama wote, hakugeuka. Alijua utakuwa hivyo, na bado ulimuuma kama kitu kipya, kwa sababu wa kwake aliupata akiwa ameshika glasi ya maji mbele ya muuguzi, mume hakuuona.

"Ndiyo huu," mume akasema akilia. "Acha uishe. Acha uishie hapa, sakafuni. Siku ile nisiwe nao."

"Uache uishe."

Walikaa. Baadaye mume akauliza, "Moyo?"

"Unapiga vizuri. Wanauangalia."

"Ni hali ile ya mtoto wa mama mdogo?"

"Ile ile."

"Yule aliyekuwa anacheza ngoma."

"Yule."

Mume akavuta kamasi. "Ni wa kike au wa kiume?"

"Sijui."

"Wewe? Usiyeweza kulala bila kujua kama mlango umefungwa?"

"Nilikataa kuambiwa. Nilitaka tuwe wawili."

Akataka kucheka, mdomo ukamuuma, akaushika. Halafu akamuuliza lile ambalo mwanamke alilingoja miezi yote: "Ulikuwa unalia saa ngapi?"

"Nikinawa," akasema, na safari hii yeye ndiye aliyetazama ukutani.

Waliokota vikombe. Mume alikuwa amekanda unga usiku kucha. Alijilaza na nguo zake za kazi, akamshika mkewe mkono, akaanza kusema kwamba kesho atakwenda naye kwa yule muuguzi, ana maswali yake mwenyewe, moja, halafu la pili... La pili hakulifikisha. Alilala mdomo wazi.

Mwanamke akajilaza kando yake, mchana kweupe. Alidhani siku atakayosema ataona wepesi. Wepesi ulikuwepo, lakini kidogo, na mazoea ya kuwa peke yake hayakuondoka kwa sababu tu siri imetoka. Bado alikuwa anajiuliza na kujijibu moyoni. Akajikuta anapanga namna ya kumwambia mumewe, kisha akakumbuka kwamba ameshamwambia. Nje watu walikuwa wanapita kwenda zao, mwuza maji anapiga kengele. Mume akakoroma. Mtoto akageuka, akapiga teke mara mbili upande aliolala baba yake, akatulia. Mwanamke akangoja la tatu. Halikuja. Akasinzia akiwa bado anangoja, kisha na yeye akalala.