Mtu Aliyetoka Kwenye Ndoo

Mwenye kiwanda alikaa kwenye kiti cha maabara, kofia magotini. Alitaka kujua kama ndoo zilizoyeyuka kwenye moto uliozuka katika banda la kiwanda chake zinafaa kutengenezwa upya. Fundi wa maabara, mama mnene mwenye miwani iliyofungwa uzi, alikata kipande cha ndoo, akakitia kwenye mrija wa kioo, akawasha pampu ya kufyonza hewa. Mshale wa kipimo cha hewa ulipolala kwenye sifuri, akawasha jiko la umeme.

"Kitendawili."

"Tega."

"Nakaangwa lakini siungui."

"Mama, nina haraka. Chukua mji."

"Plastiki pasipo hewa. Moto unakosa cha kula. Inafumuka tu, kama shanga zinazochomoka uzini, mpaka inakuwa mvuke."

Mvuke ukatambaa hadi kwenye kona ya mrija iliyozungushiwa barafu, ukawa matone. Matone yakawa mume wa fundi, mfupi kama kidole gumba, na ovaroli lake lenye kiraka. Alifia kwenye moto ule. Midomo yake ilicheza bila sauti.

"Anasema nini?" mwenye kiwanda akasogeza kiti.

"Hewa hamna, sauti itapita wapi? Ngoja kioo kipoe, nikifungua sasa mvuke utawaka."

Kioo kilipopoa, alilegeza koki. Hewa ikaingia ikipiga mluzi.

"Umekonda, mama watoto."

"Nawe umefupika, baba."

Wakacheka kidogo. Kisha mume akamgeukia mwenye kiwanda. "Bosi, mlango wa nyuma ulikuwa na kufuli. Niliusukuma mpaka basi."

"Najua. Wafanyakazi walikuwa wananiibia ndoo." Akainamia kioo kwa adabu. "Pole sana, ndugu yangu."

"Asante."

"Binti yetu anafanya kazi banda lile lile," alisema fundi. "Nakuomba, bosi, lifungue hilo kufuli."

"Tutaangalia, mama. Na ndoo je, zinafaa?"

"Zinafaa."

Akavaa kofia, akaaga wote wawili.

Binti alipopita kuelekea zamu ya mchana, fundi alimkabidhi baba yake akiwa ndani ya kichupa chenye pamba. "Mshike wima, asije akapata kizunguzungu."

"Shikamoo, baba," binti alisema, akamtia kwenye mfuko wa aproni.

Bandani, baba aliomba ashushwe karibu na mlango wa nyuma. Akaweka bega, akasukuma mchana kutwa, binti akipanga ndoo kando yake. Kufuli lilikuwa jipya. Lile la zamani liliharibiwa na moto.