Upande wa Kushoto

Mwanangu ni fundi wa suruali, na mimi ndiye mtia vifungo wake. Mkewe alikuwa amemeza vidonge vya kila rangi, miaka inapita, tumbo kimya. Wifi yangu, ambaye mdomo wake haujui likizo, akaanza kumtafutia mwanangu mke wa pili. Mkwe wangu akasema hangoji kuletewa mtu. Mwezi ukiisha, anarudi kwao.

Siku hizo nikawa napiga pasi suruali za mwanangu mwenyewe. Za wateja huzikata sawasawa, lakini hii yake niliyoishika, mbele kushoto, ilikuwa na kitambaa cha ziada. Nikakunjua nyingine, vile vile. Udaku ukanipanda.

Nilipombana, akacheka kwa aibu. Akasema upande ule hujaa na kuuma akisimama kutwa kukata vitambaa, akilala hupungua. Basi akajiongezea nafasi. Yaani mtu anaumwa, anatibu suruali.

Nikamwambia mkwe wangu amburute hospitali kabla hajafunga mizigo. Nami nikaenda, nani angenizuia?

Daktari alimsimamisha mwanangu nyuma ya pazia, akamwambia abane pumzi na kusukuma. Nilinyoosha shingo, pazia halikuwa hata na tundu. Majibu ya vipimo vya mbegu zake na vya mkewe yalipotoka, akatueleza: mishipa inayorudisha damu kutoka kwenye korodani imevimba, damu inatuama, joto linapanda. Mbegu hazitaki joto. Zinapungua, na zilizobaki zinaogelea kwa uvivu.

Nikauliza kwa nini kushoto. Akasema mshipa wa huko una safari ndefu zaidi. Nikauliza kama kila mwenye uvimbe huo hazai. Hapana, wengi wanazaa tu. Na upasuaji huwasaidia baadhi, yeye haahidi mtoto.

"Kwa hiyo ni mimi," mwanangu akasema.

"Huenda. Mkeo hatujamkuta na kasoro."

Hatukuwa tumetoka hata getini, mwanangu akampigia shangazi yake simu, mkewe akisikia.

"Shangazi, mwenye shida ni mimi. Napasuliwa. Huyo binti unayetaka kuniletea, mtafutie mume mwingine."

Kwa mara ya kwanza tangu niolewe ukoo ule, wifi yangu akawa wa kwanza kukata simu.

Nikamuuliza mkwe wangu kama bado anaondoka.

"Nabaki, mama," akasema. "Lakini wakija kuuliza 'vipi, bado?', sasa zamu ya kujibu ni ya mwanao."