Kesi ya Ngozi ya Bi. Kalunde

Usiku wa jana, hata sijavua soksi za zamu, niliota nimeitwa kwa mjumbe wa nyumba kumi. Mlalamikaji ni ngozi ya tumbo la Bi. Kalunde, mgonjwa wangu. Mlalamikiwa ni stoma yake, yaani ule utumbo mwekundu ambao daktari aliutoa nje ya tumbo ili choo kipitie hapo na kuingia kwenye mfuko. Mjumbe ni ile kadi ya matundu tunayopimia stoma. Amevaa balaghashia.

Sikuogopa. Miaka kumi na minne nabandika mifuko, kadi itaniambia nini?

"Mheshimiwa, huyu jirani ananimwagia uchafu," ngozi inaanza. "Nimebabuka. Mwenye nyumba ameacha kula ili jirani asimwage. Siku ya nne leo, chai ya rangi tu."

Hilo lilinichoma, maana kwenye faili niliandika: mgonjwa hana hamu ya kula.

"Sikatai kumwaga, ndiyo kazi yangu," stoma inasema kwa adabu. "Wala mimi sisikii maumivu, ningejuaje kuwa jirani anaungua? Muulizeni aliyejenga uzio."

Wote wananigeukia. Mkononi nina mkasi.

"Tundu la mfuko nilikata kwa kipimo," nikasema. "Milimita arobaini."

"Kipimo cha lini?" mjumbe anauliza.

"Siku ya pili baada ya upasuaji."

"Dada," stoma inasema, "siku ile nilikuwa nimevimba. Wiki ya sita hii nimepungua, na wewe bado unanikatia suruali ya mtu mwingine."

"Na ikivuja unafanyaje?" mjumbe anauliza.

"Naongeza plasta."

Baraza zima likaguna. Nilitamani ardhi ipasuke, na kweli ikapasuka. Sasa nimesimama pekupeku kwenye mwanya kati ya stoma na ukingo wa tundu nililokata mwenyewe. Chini ni ngozi mbichi. Juu kuna plasta, tabaka nne, zote zangu.

"Samahani, dada," stoma inasema. "Nakuja."

Ikaja. Moto, mpaka vifundoni, inawasha kama pilipili. Nasukuma plasta, haibanduki. Niliibandika vizuri mno.

"Mjumbe! Nipe kadi nipime upya!"

"Kadi ni mimi. Mara ya mwisho uliniacha wapi?"

"Kwenye droo."

"Tangu lini?"

Uchafu ulifika magotini, nikalia kwa sauti, nikaamka.

Saa moja asubuhi nilikuwa kando ya kitanda cha Bi. Kalunde, hata ripoti ya zamu sijapokea. Nikabandua mfuko taratibu, nikaosha kwa maji ya uvuguvugu, nikakausha bila kusugua. Nikapima: ishirini na nane. Nikakata tundu jipya, nikabandika mfuko, nikashikilia kwa kiganja mpaka ukashika.

"Nisamehe, mama," nikasema. "Nilikuwa nakata kubwa."

Alinitazama kwa huruma.

"Yameisha, mwanangu. Usiku nilikusikia unalia humu tumboni, nikawaambia wakuachie." Akajiinua akakaa. "Haya, nenda kaniletee uji. Bakuli lijae."