Mguu Juu ya Karatasi

Kila mwaka, Alhamisi ya kabla ya Pasaka, Mama alisukuma meza ya jikoni hadi ukutani, akafagia sakafu, kisha akatandika karatasi ya kaki aliyokuwa ameihifadhi kutoka kwa muuza nyama. "Haya, leteni miguu," alisema, na Vonceil na mdogo wake Cleo walivua soksi huku wakisukumana nani aanze. Mama alipiga magoti, akaushika mguu kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akauzungushia penseli taratibu, kisigino kwanza, kisha kidole kimoja kimoja. Penseli ilipofika penye upinde wa unyayo alifanya makusudi kuutekenya. Cleo alicheka mpaka akashikwa na kwikwi, na Mama akamwambia atulie, la sivyo atanunuliwa viatu vyenye umbo la mguu wa bata.

Jumamosi yake Mama alivaa kofia, akazitia karatasi zile mkobani na kwenda peke yake mjini, mji mdogo wa kusini mwa Marekani, kwenye duka la viatu la Bwana Pruitt. Alirudi na maboksi mawili. Vonceil alidhani watoto wote duniani hununuliwa viatu kwa namna hiyo. Hata leo, yeye mwenyewe akiwa bibi wa miaka themanini anayeishi Detroit, kabati lake likiwa limejaa viatu asivyovivaa, akisikia neno Pasaka kitu cha kwanza kumjia ni ile harufu ya karatasi, na kiganja cha Mama kikiwa kimeshika kisigino chake. Hajapata kushikwa hivyo tena na mtu yeyote.

Mwaka aliotimiza miaka kumi na mmoja, mwezi wa Februari, alimsindikiza Mama kupeleka kapu la nguo zilizopigwa pasi nyumbani kwa Bi. Tarver, mzungu ambaye Mama alimfulia nguo. Walipita mbele ya duka la Pruitt. Kupitia kioo cha dirisha alimwona msichana wa kizungu wa rika lake ameketi kitini, na mwuzaji amepiga goti mbele yake, akimpima mguu kwa kipimo cha chuma. Kisha msichana yule akasimama, akatembea juu ya zulia kwenda na kurudi, akajitazama kwenye kioo, akavua, akavaa vingine.

"Mama, mbona yeye hakuja na karatasi?"

"Kaza mwendo, kapu ni zito," Mama alijibu.

Aliyemweleza ni Earlene, rafiki yake wa shuleni, ambaye hakujua kuficha neno. "Kwani hukujua? Mguu wetu sisi Weusi ukishaingia kwenye kiatu, mzungu hakinunui tena. Ndiyo maana hawatuvalishi. We Vonceil, una miaka mingapi vile?"

Vonceil aliona haya mpaka masikio yakamuwaka moto. Kilichomchoma hasa si duka la Pruitt. Ni kile kicheko cha jikoni. Aliona kama Mama alikuwa amemchezea miaka yote ile, akamfanya afurahie jambo la kuliliwa. Mwaka huo alikuwa amepewa shairi refu kuliko watoto wote wa kanisa, beti nne, la kukariri mbele ya watu siku ya Pasaka, naye alikuwa akilisema hata akiosha vyombo. Bila viatu vipya asingeweza kusimama pale mbele. Vya zamani vilikuwa vimetoboka. Lakini Alhamisi ilipofika, Cleo alipomaliza zamu yake, Vonceil aliikunja miguu yake chini ya sketi.

"Sitaki karatasi. Mimi nina miguu."

Alingoja kofi. Mama alibaki pale chini, penseli mkononi, akiitazama sehemu ya karatasi iliyobaki tupu. "Haya," alisema hatimaye. "Kesho kutwa utachana nywele, twende wote."

Dukani walisimama nyuma, karibu na mlango, mpaka wazungu wote waliokuja baada yao walipokwisha kuhudumiwa. Vonceil alihesabu dakika kwenye saa ya ukutani. Mwuzaji alikuwa kijana aliyeitwa Ashby, hajafika hata miaka ishirini na mitano. Aliipokea karatasi ya Cleo, akaipima kwa rula, akaleta boksi. Kisha akanyoosha mkono tena.

"Na ya msichana iko wapi, Idella?"

Mtu mzima, mwimbaji mkuu wa kwaya, mwanamke ambaye hata mchungaji alimwita Dada Battle, akaitwa jina lake tupu na mtoto wa juzi. Mama hakuonyesha kama amelisikia.

"Leo hana karatasi, bwana. Amekuja na miguu yake. Namba nne, tafadhali, vyeupe, vya mkanda."

Ashby alicheka, kisha akaona Mama hacheki. Aliwatazama wateja wawili waliobaki. Mmoja wao alikuwa Bi. Tarver mwenyewe, aliyekuwa akijifanya anachagua rangi ya viatu.

"Akivitia mguuni ni vyenu," Ashby alisema. "Vimtoshe, visimtoshe. Fedha mezani kwanza."

Mama aliziweka. Zilikuwa malipo ya kufua nguo kwa wiki tatu. Ashby akaleta boksi, akalisukuma kwa kidole, akakunja mikono kifuani. Kiti kilikuwepo, lakini hakuna aliyesema kaa. Basi Mama akapiga magoti pale sakafuni, na kofia yake ya Jumapili kichwani, akaushika mguu wa Vonceil ili amvalishe.

"Idella, unamharibu mtoto huyo," Bi. Tarver alisema kwa upole kabisa, kama mtu anayetoa ushauri wa mapishi.

"Ndiyo, Bi. Tarver."

Mkono uliomshika kisigino ulikuwa uleule wa jikoni. Safari hii haukumtekenya. Vonceil alivitazama vile viatu: namba tatu, imeandikwa wazi ubavuni mwa boksi. Vidole vyake vilijikunja ndani kama vimefungiwa mlango. Mama alibonyeza ncha ya kiatu kwa kidole gumba, akainua macho.

"Vinakutosha?"

Vonceil alitaka kitu kimoja tu duniani, Mama ainuke pale chini. "Vinanitosha, Mama. Vizuri sana."

Mama alimtazama kidogo zaidi, kisha akainuka, akajipangusa magoti, akaaga kwa adabu. Vonceil alikuwa amekwenda kudai haki yake na kumbe aliyelipishwa ni mwingine. Alijichukia. Akamchukia Ashby zaidi, na moyoni akamtetea Mama kwa maneno makali ambayo dukani hakuyasema.

Jumapili asubuhi alijikaza kisabuni. Kanisa lilikuwa mwendo wa maili mbili, na viatu vya Cleo, vile vilivyonunuliwa kwa karatasi, vilikuwa vimemkaa sawasawa. Alirukaruka mbele yao akisikiliza soli zikilia. Walipofika ngazini, soksi nyeupe ya Vonceil ilikuwa imelowa damu kisigino chote. Mama aliinama, akaona, akamwongoza hadi nyuma ya kanisa.

"Vua."

"Mama, nitavumilia. Ni beti nne tu."

"Nimesema vua. Utasema neno la Pasaka huku umeuma meno?"

Akavua viatu vyake mwenyewe, vyeusi, vya kisigino kifupi, akajaza leso kwenye ncha ya kimoja na pamba ya mkobani kwenye ncha ya kingine, akamvalisha. Kisha akaingia zake kwenye kwaya bila kungoja swali.

Kwaya ya kanisa lao iliketi juu, nyuma ya mimbari, ikiwaelekea watu. Vonceil alidhani Mama atabaki ameketi, miguu kaificha chini ya benchi, aseme anaumwa. Kinanda kikaanza. Kwaya ikasimama, na Mama akasimama nayo, akasogea hatua mbili mbele, mahali pa mwimbaji mkuu, juu ya mbao tupu, na soksi zake zilizotiwa viraka penye vidole viwili. Kanisa zima liliziona. Mama aliangalia mlango wa mbali na kuimba ubeti wa kwanza peke yake, sauti imejaa, haina haraka. Mzee wa kanisa aliyekuwa mbele alivua miwani akaifuta. Hakuna aliyenong'ona.

Vonceil alipoitwa, alisahau mstari wa pili. "Taratibu, mwanangu," wanawake wakamwambia kutoka kwenye mabenchi, "taratibu, tunakusikia." Akasema beti zote nne.

Wakirudi nyumbani, Mama alivaa viatu vyake, na Vonceil akatembea peku, vile vyeupe mkononi; kesho vingekwenda kwa mdogo wa Earlene.

"Mama, ulijua kuwa vinanibana."

"Nilijua."

"Nilikudanganya."

"Ulinidanganya ili niinuke." Mama alitembea hatua kadhaa. "Sikiliza. Mimi nilikuwa naipeleka karatasi ili wewe usifike pale. Sasa umefika. Siwezi kukurudisha. Mwakani utaniambia mwenyewe, niende na karatasi au niende na wewe."

Bi. Tarver hakupeleka tena nguo zake. Mama akapata za watu wengine, mbali zaidi. Neno la dukani halikuzungumzwa tena ndani ya nyumba ile, na kicheko cha Alhamisi, kwa upande wa Vonceil, kilikwisha. Hajutii alichokitaka. Lakini ziko siku, huko Detroit, anapokitamani kicheko kile mpaka kifua kinamuuma.

Mwaka uliofuata, Jumamosi ya Pasaka, Mama alitoka chumbani akifunga kofia, akamkuta Vonceil mlangoni, nywele amechana, koti amevaa. Cleo, aliyekuwa na miaka minane sasa, alikuja mbio na yeye anataka kwenda.

"Wewe baki," Vonceil alimwambia.

"Kwa nini wewe uende? Huko dukani kuna nini?"

Vonceil aliinama akamfunga kifungo cha shati kilichofunguka.

"Viatu tu," alisema, akamfuata Mama.